Sandra Day O'Connor: kutoka ranchi ya Lazy B hadi Mahakama ya Juu

Shikamooni wazee wangu. Akina mama, kaka na dada, vijana mliotoka shuleni mkaja moja kwa moja na mabegi yenu mgongoni, karibuni sana.

Waandaaji waliniomba nizungumze juu ya mtu mmoja wa Arizona ambaye kazi yake inaweza kuwafungua macho vijana wetu wanaotaka kusoma sheria au kuingia siasa. Sikuhitaji kufikiri sana. Baadhi yenu mliapa uraia wenu mjini Phoenix, Mtaa wa Washington, ndani ya lile jengo kubwa la vioo la mahakama ya serikali kuu. Mlisimama, mkainua mkono wa kulia, mkatoka nje mkipunga bendera ndogo na kupiga picha na watoto. Jengo lile limepewa jina la mwanamke aitwaye Sandra Day O'Connor. Chuo cha sheria cha hapa Arizona State kina jina hilohilo. Lakini nikiwauliza vijana alikuwa nani, wengi wananijibu kwamba alikuwa jaji wa kwanza mwanamke, basi. Ni kweli, mwaka 1981 aliingia Mahakama ya Juu ya Marekani akiwa mwanamke wa kwanza tangu mahakama hiyo ianzishwe. Mimi leo nataka kuzungumza zaidi juu ya miaka 51 iliyotangulia siku hiyo, kwa sababu naamini jaji yule alitengenezwa huko.

Alizaliwa tarehe 26 Machi 1930 huko El Paso, Texas, lakini nyumbani kwao kulikuwa ranchi iitwayo Lazy B, mpakani mwa Arizona na New Mexico, karibu na mji mdogo wa Duncan. Babu yake, Henry Clay Day, ndiye aliyeianzisha mwaka 1880. Ardhi yote iliyotumiwa na ranchi ile ilikaribia ekari 200,000, na ng'ombe walizidi 2,000. Mkisikia hesabu hiyo msidhani ni utajiri wa kupindukia. Ninyi mliochunga Minembwe, Masisi, Karagwe au Ankole mmezoea nyasi zinazomfika ng'ombe tumboni. Kule ni jangwa. Mvua ni ya kubahatisha, nyasi ziko hapa kidogo na pale kidogo, na ng'ombe mmoja anahitaji eneo kubwa sana ili aishi. Maji yalivutwa kutoka chini kwa pampu za upepo zilizosimama mbalimbali nyikani. Pampu ikiharibika, au upepo ukikatika siku kadhaa, mifugo ilikuwa hatarini. Kwa hiyo kazi kubwa ya baba yake, Harry Day, ilikuwa kuzunguka: kukagua visima, kupanda juu ya mnara wa pampu, kubadilisha ngozi za pistoni, kurekebisha uzio. Fundi alikuwa mbali, na kilichoharibika ulikitengeneza mwenyewe.

Nyumba yenyewe haikuwa na maji ya bomba wala umeme mpaka Sandra alipofika umri wa kama miaka saba. Alikua akiendesha farasi, akipiga bunduki, akiendesha gari kabla miguu haijafika vizuri kwenye pedali. Watu wazima aliokuwa nao ni wachunga ng'ombe wa baba yake, wanaume wa maneno machache waliokaa pale miaka mingi. Wengine walikuwa hawajui kusoma, lakini walimjua kila ng'ombe.

Kuna tukio moja alilolisimulia yeye na mdogo wake Alan katika kumbukumbu zao, na ningependa mlisikie vizuri. Akiwa msichana wa sekondari, alitumwa kuwapelekea chakula cha mchana baba yake na wachungaji waliokuwa mbali wakikusanya ng'ombe na kuwapiga chapa ndama. Akaondoka peke yake na gari la mizigo, njia ya vumbi, hakuna nyumba wala mtu. Katikati ya safari tairi likapata pancha. Akatoa jeki, akatoa spana. Nati zilikuwa zimekaza, hazizunguki. Akasimama juu ya spana kwa uzito wake wote, akarukaruka juu yake mpaka zikaachia. Akabadilisha tairi, akaendelea. Alipofika, kazi ilikuwa imeendelea bila chakula na watu walikuwa na njaa. Akapanga vyombo kimya. Baba yake alipokuja akamwambia kwamba amechelewa. Akaeleza habari ya pancha. Baba akamjibu kwamba alipaswa kuondoka nyumbani mapema zaidi.

Nilipolisoma tukio hili mara ya kwanza nilimwona yule baba kuwa mkali mno. Binti amehangaika peke yake jangwani, angalau angempa pole. Lakini Sandra mwenyewe alilibeba kama somo la maisha: pale watu wanakusubiri na njaa, sababu yako haiwashibishi. Ukimfuatilia miaka yake yote ya kazi utaliona somo hilo kila mahali. Hakuwa mtu wa visingizio, na hakupenda kuvisikia kwa wengine.

Jambo la pili alilolipata ranchini linahusu sheria yenyewe. Ardhi ile kubwa, sehemu iliyokuwa mali ya familia ilikuwa ndogo. Iliyobaki ilikuwa ya serikali: ya jimbo la Arizona, ya New Mexico, na zaidi ya serikali kuu ya Washington. Hapo zamani kila mwenye mifugo aliingia kwenye ardhi ya umma akalisha atakavyo, na matokeo yake malisho yaliharibika vibaya. Mwaka 1934, tarehe 28 Juni, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya malisho iliyobeba jina la mbunge Edward Taylor wa Colorado. Tangu hapo mfugaji alihitaji kibali: unalisha eneo gani, ng'ombe wangapi, na unalipia ada. Sandra alikuwa na miaka minne. Alikulia katika nyumba ambayo riziki yake ilitegemea karatasi kutoka ofisi ya serikali, na baba yake alipambana na maafisa wa ardhi miaka na miaka. Tena kulikuwa na mgogoro wa kisheria juu ya ranchi yenyewe uliomfanya binti huyu aanze kuitazama sheria kwa makini. Wengi tuliotoka kwenye kambi za wakimbizi tunaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa. Tumeishi miaka ambayo kesho yetu ilikuwa ndani ya faili la mtu tusiyemjua.

Baba yake alikuwa na ndoto ya kusoma Stanford, lakini babu alipofariki ilimbidi arudi kushika ranchi. Binti ndiye aliyeitimiza. Aliingia Stanford akiwa na miaka 16, akamaliza shahada ya uchumi mwaka 1950, na ya sheria mwaka 1952. Darasani mwao alikuwemo kijana aitwaye William Rehnquist, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Marekani. Rehnquist alimposa, naye akakataa, akaolewa na John O'Connor, mwanafunzi mwingine wa sheria. Harusi ilifanyika palepale Lazy B, Desemba 1952.

Vijana wa kike, nisikilizeni hapa. Mwanamke huyu ana shahada ya sheria kutoka Stanford, tena na matokeo mazuri sana. Akaanza kutafuta kazi California. Alipiga simu kwa makampuni ya mawakili yaliyokuwa yamebandika matangazo chuoni kutafuta wahitimu. Yalizidi 40. Hayakutaka hata kumwona, kwa kuwa ni mwanamke. Kampuni moja kubwa ilimpa mahojiano, na mwisho wa mahojiano ikamuuliza kama anajua kupiga chapa kwa mashine. Akijua vizuri, labda watampatia nafasi ya ukatibu.

Alifanyaje? Alisikia kwamba mwanasheria wa Kaunti ya San Mateo aliwahi kumwajiri mwanamke. Akamwandikia barua. Akajibiwa kwamba hakuna fedha za mshahara na hakuna ofisi. Akasema atafanya bila mshahara, na kama katibu hana tatizo, ataweka meza yake chumba kimoja naye. Hivyo ndivyo alivyoanza uwakili. Baada ya muda nafasi yenye mshahara ikapatikana, akaipata yeye kwa sababu tayari alikuwa hapo na kazi yake inaonekana.

Siwaambii haya ili mkubali kufanya kazi bure. Mimi napinga watu kufanyishwa kazi bila malipo, na nyinyi mnajua jinsi wageni wanavyonyonywa mjini hapa. Nawaambia ili muone alivyokuwa akifikiri. Alitafuta mlango wowote uliokuwa na ufa na akaweka mguu.

John alipoitwa jeshini, walikwenda Ujerumani, na Sandra akafanya kazi Frankfurt kama wakili wa kiraia wa jeshi la Marekani, upande wa ununuzi. Mwaka 1957 wakahamia Phoenix. Makampuni ya Phoenix nayo hayakuwa na nafasi ya wakili mwanamke. Basi yeye na mwenzake mmoja wakafungua ofisi yao wenyewe katika maduka ya Maryvale. Maryvale hiihii, magharibi ya mji, ambako baadhi yenu mnaishi na mnanunua unga wa ugali! Ofisi yenyewe ilikuwa katikati ya maduka ya kawaida, na mmoja wa majirani zao alikuwa fundi wa televisheni. Wateja walikuwa watu walioingia kutoka barabarani: huyu anadaiwa, huyu ana ugomvi na mwenye nyumba, huyu kakamatwa akiendesha gari amelewa. Hakuna kesi kubwa hata moja. Mimi nazithamini sana kesi zile ndogo. Mtu aliyekaa na mpangaji anayefukuzwa, akamtazama usoni, hawezi baadaye kuandika hukumu ya nyumba za watu kana kwamba anaandika juu ya hesabu.

Alizaa watoto watatu, wote wa kiume. Wa pili alipozaliwa akaacha kazi ya malipo kwa miaka kama mitano kuwalea. Akarudi mwaka 1965 kama msaidizi wa Mwanasheria Mkuu wa Arizona. Na mwaka 1969 kiti kimoja cha Seneti ya jimbo kilibaki wazi. Halmashauri ya Kaunti ya Maricopa ikamteua akijaze. Wapiga kura wakamrudisha mwaka 1970 na tena 1972, kupitia chama cha Republican.

Hapo Seneti ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi hupita haraka wakikimbilia Washington.

Arizona ya wakati ule ilikuwa na sheria zinazomzuia mwanamke kufanya kazi zaidi ya saa nane kwa siku. Kwa maneno ilikuwa kumlinda, kwa vitendo ilimfungia nje ya kazi nyingi na malipo ya ziada. Ilikuwa na sheria ya mali ya ndoa iliyompa mume peke yake mamlaka ya kusimamia mali ambayo wawili wameichuma pamoja. Mke angeweza kufanya kazi miaka 30, na mume akauza bila kumwuliza. O'Connor alizisaka sheria za namna hii moja baada ya nyingine ndani ya vitabu vya sheria vya jimbo, na akasaidia kuzifuta au kuzibadilisha. Akina mama mliofika hapa mkafungua akaunti ya benki kwa jina lenu na mkaandikwa kwenye hati ya nyumba pamoja na waume zenu, kuna mkono wa huyu mama humo.

Hata hivyo kuna wanawake waliomlaumu, na lawama yao ina uzito. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha pendekezo la kuongeza katika katiba kipengele cha usawa wa wanawake na wanaume, likapelekwa kwenye majimbo yaidhinishe. Mwanzoni O'Connor aliwahimiza wenzake Arizona waidhinishe. Alipoona wakubwa wa chama chake hawataki na kura hazitoshi, aliliacha. Arizona haikuidhinisha. Je, alikuwa mwoga? Nimelifikiria swali hili muda mrefu. Naona alipiga hesabu, akakuta vita hiyo ingeteketeza nguvu zake zote na isifike popote, huku sheria za mali na kazi zikiwa zinabadilika mbele ya macho yake. Mimi ningetamani angesema kwa sauti zaidi. Lakini mwanamke aliyepata haki ya kusimamia mali yake mwaka 1973 hakulazimika kusubiri kipengele ambacho mpaka leo wanasheria wanabishania kama kimo ndani ya katiba au la.

Mwaka huohuo wa 1973 maseneta wa chama chake walimchagua kuwa kiongozi wa walio wengi. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kushika nafasi hiyo katika bunge la jimbo lolote la Marekani kabla yake. Kazi ya kiongozi huyo ni kuhesabu kura. Nani yuko nasi, nani anayumba, nani anataka barabara kwao ndipo akubali. Alijulikana kwa kusoma kila kitu kabla ya kuingia kikaoni. Aliwahi kuleta marekebisho ya muswada kwa ajili ya kuongeza mkato mmoja, mkato tu wa uandishi, kwa sababu ulikuwa umesahauliwa mahali ulipohitajika. Ninafanya kazi ya ukalimani mahakamani, na nimeona mtu akikaa rumande kwa sababu ya neno moja lililowekwa vibaya kwenye karatasi. Kwa hiyo mkato ule mimi siuoni kuwa mdogo.

Baada ya hapo aliondoka bungeni kwa hiari. Mwaka 1974 alichaguliwa kwa kura kuwa jaji wa Mahakama ya Kaunti ya Maricopa, akaanza kazi 1975. Mwaka 1979 Gavana Bruce Babbitt, ambaye ni wa chama cha Democratic, alimpandisha hadi Mahakama ya Rufani ya Arizona. Zingatieni hilo: gavana wa chama kingine.

Mwaka 1980 Ronald Reagan, akigombea urais, aliahidi kwamba atamteua mwanamke katika Mahakama ya Juu. Mwaka uliofuata nafasi ikapatikana. Mwanasheria Mkuu wa serikali yake, aliyemletea Reagan jina la O'Connor, alikuwa William French Smith. Na Smith huyu alikuwa ametoka katika ile kampuni kubwa ya mawakili ya Los Angeles iliyomuuliza binti wa Lazy B kama anajua kupiga chapa. Reagan alikutana naye Julai 1981. Wote wawili walipenda farasi, na sehemu nzuri ya mazungumzo yao ilikuwa juu ya maisha ya ranchi. Rais hakumwita mtu mwingine kwa mahojiano. Tarehe 21 Septemba Seneti ya Marekani ilimthibitisha kwa kura 99, bila hata kura moja ya kupinga.

Alikaa pale zaidi ya miaka 24. Siwezi kuwapitisha katika hukumu zake zote, na wala hamkuja hapa kwa somo la chuo kikuu. Nitachukua mbili zinazotugusa sisi moja kwa moja.

Ya kwanza ni ya mwaka 2004. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, raia wa Marekani aitwaye Yaser Hamdi alikamatwa Afghanistan, akawekwa kizuizini na jeshi bila mashtaka na bila kufikishwa mbele ya hakimu. Serikali ilidai kwamba wakati wa vita rais ana mamlaka hayo. O'Connor ndiye aliyeandika maoni makuu ya mahakama. Alisema hali ya vita haimpi rais hundi iliyosainiwa isiyo na kiasi ajaze apendavyo pale haki za raia zinapohusika. Raia yule lazima aelezwe kwa nini anashikiliwa na apewe nafasi ya kujibu mbele ya mtu asiyeegemea upande. Ndugu zangu, humu ndani kuna watu ambao baba zao walichukuliwa usiku na hawakurudi, na hakuna ofisi iliyowahi kueleza. Sihitaji kuongeza neno.

Ya pili ni ya mwaka 2005. Mji wa New London, Connecticut, uliamua kutwaa nyumba za watu ili eneo lijengwe upya na wawekezaji na kodi iongezeke. Mama mmoja, Susette Kelo, alikataa kuondoka, kesi ikafika Mahakama ya Juu. Akashindwa, majaji watano kwa wanne. O'Connor alikuwa katika wale wanne. Aliandika kwa uchungu kwamba kwa hukumu hii hakuna kinachozuia nyumba yoyote kugeuzwa duka kubwa, au shamba lolote kugeuzwa kiwanda, na kwamba wanaofaidika ni wenye nguvu na wenye sauti. Hapo nasikia binti wa mfugaji akizungumza. Na mradi wenyewe uliotwalia watu nyumba zao haukujengwa. Kiwanja kilibaki majani kwa miaka mingi.

Hakuwa jaji wa nadharia kubwa. Alitaka kujua: sheria hii, kwa watu hawa, katika hali hii, inafanya nini? Wasomi wengi walimkosoa kwamba anaamua kesi moja moja na haachi kanuni ya kushikwa. Ukosoaji huo una ukweli ndani yake. Mwaka 1992 alikuwa mmoja wa majaji watatu walioandika kwa pamoja hukumu iliyolinda kiini cha haki ya utoaji mimba. Ikafutwa mwaka 2022. Mwaka 2003 aliandika hukumu iliyoruhusu vyuo kuzingatia rangi ya mwombaji kama jambo moja kati ya mengi. Mwaka 2023 mahakama ikaufunga mlango huo. Alifariki tarehe 1 Desemba 2023 hapa Phoenix akiwa na miaka 93, kazi yake kubwa ikiwa imebomolewa kwa kiasi kikubwa. Inaniuma, nasema wazi. Na mwaka 2000 alikuwa miongoni mwa watano waliosimamisha kuhesabiwa upya kwa kura za Florida, uamuzi uliompa George W. Bush urais. Miaka 13 baadaye alisema hadharani kwamba pengine mahakama isingepaswa kuichukua kesi ile kabisa.

Ndani ya Mahakama ya Juu aliishi kama alivyoishi nyumbani. Aliwasisitiza majaji wale chakula cha mchana pamoja, hata waliokuwa wameandikiana maneno makali, na Clarence Thomas amesema mara nyingi kwamba ni O'Connor aliyemvuta kwenye meza ile. Jumamosi wasaidizi wake walipokuja kazini aliwapikia mwenyewe na kuwaletea. Mwaka 1988 aliugua saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji, na baada ya siku 10 akawa amerudi kwenye kiti chake.

Aliondoka mahakamani Januari 2006 kwa sababu mume wake alikuwa na ugonjwa wa Alzheimer's na alitaka kumtunza. John alifariki 2009. Mwaka 2018 yeye mwenyewe aliandika barua kwa umma kueleza kwamba amepatikana na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba anajiondoa katika shughuli za hadhara. Katikati ya miaka hiyo alianzisha mradi wa kufundisha uraia kwa michezo ya kompyuta, uitwao iCivics, na mamilioni ya wanafunzi wameutumia. Watoto wenu wengine wanaucheza shuleni bila kujua umetoka kwa nani.

Tangu aondoke, hakuna jaji hata mmoja wa Mahakama ya Juu ambaye aliwahi kugombea na kuchaguliwa katika bunge. Wote ni watu wenye elimu kubwa. Lakini hakuna aliyewahi kuomba kura mlangoni kwa mtu, wala kukaa na mpinzani mpaka saa nane ya usiku kutafuta maneno ambayo wote wawili wanaweza kuyapigia kura. Naona hilo ni pengo, na ndiyo maana nawaambia vijana wanaotaka uwakili: msiikimbie siasa ya chini. Bodi ya shule, halmashauri ya mji, bunge la jimbo. Sheria zinazokugusa asubuhi hadi jioni hutungwa huko.

Nimebakiza jambo moja, na hili ni la sisi sote wenye kadi ya mpiga kura.

O'Connor alichaguliwa ujaji mwaka 1974 kwa utaratibu wa zamani, ambapo jaji alifanya kampeni na kuomba michango kama mwanasiasa yeyote. Mwaka uleule alikuwa miongoni mwa walioupigania utaratibu mpya, na wananchi wa Arizona wakaukubali kwa kura. Kwa kaunti kubwa kama yetu, tume hupokea maombi na kuyachuja, gavana huteua mmoja kati ya majina aliyoletewa, kisha baada ya kila miaka minne jaji wa kaunti hurudi kwa wananchi, na wa mahakama za juu za jimbo baada ya kila miaka sita. Swali linakuwa moja: jaji huyu aendelee au asiendelee? Novemba 2024 bunge la jimbo lilileta pendekezo la kuondoa kura hizo za kila mara. Wananchi wakalikataa. Haki hiyo bado tunayo.

Sasa, ninyi mliopiga kura mnaijua ile karatasi. Mbele kuna rais au gavana, na seneta. Halafu ukigeuza unakuta majina ya majaji, mstari baada ya mstari, makumi, Ndiyo na Hapana. Watu wetu wengi huacha wazi. Nimeuliza kwa nini, nikajibiwa kwamba hatuwajui. Lakini wao ndio wanaoamua kesi zetu za kufukuzwa nyumba, za kulea watoto, za vijana waliokamatwa. Kuna tume ya jimbo inayopima utendaji wa kila jaji kwa kuwauliza mawakili, mashahidi na watu waliopita mbele yake, na ripoti hutolewa kabla ya uchaguzi, bure. Iko kwa Kiingereza, ndiyo. Nimekuja na nakala za ripoti iliyopita na karatasi ya kura ya mfano. Baada ya chai nitakaa kwenye ile meza ya pembeni, na dada wawili wanaojua Kirundi na Kinyamulenge watakuwa nami. Njooni na miwani yenu, tusome jina kwa jina. Kabla ya hapo, nipo tayari kwa maswali. Nimeona mkono wa mzee pale nyuma umeinuka muda mrefu. Karibu, mzee.